Mgeni Anapokuja Kumwona Mtoto



Kila mwaka, mvua zikiisha kukatika na mahindi yakikauka mashambani, ndipo wageni wetu wa ng'ambo huanza kuja. Maana katika miezi ya Julai na Agosti shule nyingi za Ulaya na Marekani hufungwa, na watu wenye watoto hupata nafasi ya kusafiri pamoja na nyumba zao. Miongoni mwao wamo wale waitwao wafadhili, yaani watu ambao kwa miaka mingi wametoa fedha kila mwezi ili mtoto mmoja wa kwetu apate kusoma, kula na kutibiwa. Wamemjua kwa picha na kwa barua tu. Sasa wataka kumwona uso kwa uso. Wengine hutaka tena kukaa juma moja au mawili na kufanya kazi ya kujitolea.

Jambo hili ni jema. Lakini jambo jema likitendwa bila kufikiri laweza kuumiza. Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi somo letu la mwezi huu ni hili: Mgeni wa namna hii akija, mwenyeji aponaye ni nani, naye hupona kwa njia gani? Hatutaandika sana juu ya makosa ya wageni, maana hao hawasomi gazeti hili. Tutaandika juu yetu sisi wenyeji, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe.

1. Habari ya kosa letu

Miaka michache iliyopita ilifika barua katika kituo cha watoto cha usharika wetu, ulioko katika nyanda za juu za mkoa wa Iringa. Barua ilisema ya kuwa jamaa moja ya Minnesota, katika Marekani, baba na mama na binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9, wataka kuja kumwona msichana wanayemfadhili. Walianza kumsaidia alipokuwa na miaka 6, na sasa alikuwa na miaka 13, yuko darasa la saba.

Tulifurahi, tena tukaogopa. Tukakutana sisi na mwinjilisti na wazee wa kanisa, tukashauriana jinsi ya kuwapokea. Nyumba ya msichana ni ya matofali mabichi, yenye vyumba viwili na jiko la nje. Tukaazima viti vyenye mito kwa mwenye duka, tukaviweka ndani. Tukamwandikia msichana hotuba ya shukrani, akaikariri siku nne. Hata hapo hapakuwa na ubaya mkubwa. Lakini baba yake ni mgema wa ulanzi, mtu mkimya, na koti lake ni moja, nalo limechakaa. Tukaona haya kwa ajili yake. Tukamwambia, "Mzee, siku hiyo ni heri ukae kando kidogo mpaka wageni watakapoondoka." Naye kaka wa msichana, kijana wa miaka 17 aliyeacha shule akawa mfyatua matofali, tukamtuma sokoni makusudi, asionekane. Tulidhani ya kuwa wageni wakiuona umaskini uliofagiliwa watapendezwa, na wakiuona umaskini wenye harufu watachukizwa.

Wageni wakafika, wamechoka kwa safari ndefu toka Dar es Salaam, na kwa kuupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori. Wakaketi katika viti vile vya kuazima. Msichana akasimama, akasema hotuba yake bila kukosea. Katikati yake palikuwa na maneno tuliyoyaandika sisi: "Ninyi ndio baba yangu na mama yangu." Yule bibi mgeni akatokwa na machozi. Mama mzazi alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia ya viazi. Yeye hakulia, alitazama chini. Kisha bwana mgeni akauliza kwa kinywa cha mfasiri, "Baba wa mtoto huyu yuko wapi?" Nasi tukajibu, "Amesafiri." Msichana akatutazama. Ndugu, tumetazamwa na watu wengi tukiwa mimbarani, lakini hatujapata kutazamwa hivyo.

Wakati huo yule mvulana wa miaka 9 alikuwa nje akicheza mpira wa matambara pamoja na watoto wa jirani. Mpira ukaingia katika mianzi nyuma ya nyumba. Akaufuata, akamkuta mtu ameketi, amepakata jogoo. Yule mtu akamwamkia, "Kamwene." Mtoto hakujua neno hilo, lakini alijua ya kuwa ni salamu. Akamshika mkono, akaja naye mpaka mlangoni. Sote tukanyamaza. Yule baba akavua kofia yake, akasema, "Mimi ndiye baba yake. Sikusafiri. Nimekuja kuwashukuru wageni." Kisha akamgeukia yule bwana, akamwambia, "Wewe umemnunulia sare na madaftari. Mimi, alipougua homa, nilimbeba mgongoni usiku mpaka zahanati, kilomita 12. Kwa hiyo sote wawili tumemfanyia kazi mtoto huyu. Pokea jogoo."

Yule bwana akasimama, akampokea jogoo kwa mikono miwili. Akasema ya kuwa kwa miaka saba amesoma barua zote zilizomfikia, wala hakupata kusoma hata mara moja habari za mtu huyu. Nayo ilikuwa kweli. Barua hizo ziliandikwa kituoni petu, mbele ya macho yetu. Sisi ndio tuliomfuta baba huyu, kwanza katika karatasi, kisha nyumbani mwake mwenyewe.

2. Desturi hii ilitoka wapi

Baadaye tulijiuliza: Nani alitufundisha ya kuwa mtoto anayefadhiliwa yafaa aonekane kama asiye na mtu? Tukaona ya kuwa sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya ufadhili wenyewe.

Zamani sana, katika miaka ya 1810, chama cha misheni cha Church Missionary Society kilikuwa na shule katika Sierra Leone za watoto waliookolewa katika biashara ya watumwa. Mtu wa Uingereza aliyetoa pauni 5 kila mwaka aliweza kumchagulia mtoto mmoja jina. Hatusemi ya kuwa watu wale hawakuwa na huruma. Pauni zao ziliwalisha watoto waliotolewa katika matumbo ya merikebu. Lakini angalieni: aliyelipa ndiye aliyetoa jina, na jina alilopewa mtoto na mama yake likaachwa.

Katika karne ya 20 ufadhili ulizaliwa upya kwa sababu ya vita. Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, ndugu wawili wa Uingereza, Eglantyne Jebb na Dorothy Buxton, walianzisha Save the Children huko London, kwa ajili ya watoto wa Ujerumani na Austria waliokuwa wakifa kwa njaa. Mwaka 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, mwandishi wa magazeti John Langdon-Davies na mwenzake Eric Muggeridge walianza kuwatafutia watoto wa vita hivyo watu wa kuwalea kwa fedha. Chama chao ndicho kiitwacho leo Plan International. Mwaka 1938 mchungaji wa Kipresbiteri, J. Calvitt Clarke, akaanzisha katika mji wa Richmond, Virginia, mfuko wa watoto wa China waliopatwa na vita ya Japani. Kisha ikaja vita ya Korea. Bob Pierce alianzisha World Vision mwaka 1950, na mhubiri Everett Swanson alianza mwaka 1952 kazi iliyokuja kuitwa Compassion. Wote wawili waliguswa na hali ya watoto yatima wa Korea. Na katika Ujerumani, mwaka 1959, Wakristo wa Duisburg walianzisha Kindernothilfe, wakianza na watoto wachache wa India.

Mwaonaje, ndugu? Karibu kila chama kilianza na mtoto wa vita au wa njaa, ambaye mara nyingi kweli hakuwa na baba wala mama. Hapo ilikuwa haki kumwambia mgeni, "Mtoto huyu hana mtu." Vita vikaisha, na vyama vikaenda katika nchi nyingine, vikawasaidia watoto wanaoishi na wazazi wao, wenye shangazi na babu na jirani. Kazi ikabadilika, na vyama vingi vikaacha nyumba za yatima, vikafanya kazi na shule, vijiji na sharika. Lakini ile picha ya kwanza haikufa. Bado imo vichwani mwa wageni, na, tuseme kweli, imo vichwani mwetu pia. Twaona kama kwamba mtoto akiwa na baba aliye hai, huruma ya mgeni itapungua. Kwa hiyo twamficha baba.

3. Faida tusiyoweza kuikana

Mtu asidhani ya kuwa twaupinga ufadhili. Twaujua wema wake kwa macho. Wamo katika sharika zetu wauguzi, walimu na mafundi waliovaa viatu vya kwanza kwa fedha za mtu wasiyemjua. Tena wataalamu wameupima. Mwaka 2013 Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walitangaza utafiti wao juu ya watu 10,144 katika nchi 6, yaani Bolivia, Guatemala, Ufilipino, India, Kenya na Uganda. Waliwalinganisha watu wazima waliofadhiliwa utotoni kwa njia ya Compassion na wengine ambao hawakufadhiliwa. Wakaona ya kuwa ufadhili uliongeza muda wa kusoma kwa zaidi ya mwaka mmoja, kati ya 1.03 na 1.46. Katika kila watu mia wasiofadhiliwa, 44 au 45 walimaliza sekondari. Ufadhili uliongeza juu ya hao wengine 12 mpaka 18. Haya si mambo madogo.

Mtu aweza kuuliza, "Je! siku hizi shule si bure?" Ni kweli ya kuwa katika Tanzania ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala sabuni, wala chakula cha mchana, wala chumba cha kulala kwa mtoto ambaye shule yake iko mbali. Mzazi mwenye watoto watano ajua.

Tena yako mambo yasiyonunuliwa kwa fedha. Wataalamu hao waliendelea kuchungua, wakatazama hata picha ambazo watoto wa Jakarta, Indonesia, walijichora wenyewe. Katika picha za watoto waliofadhiliwa waliona dalili za tumaini zaidi. Barua isemayo "Twakuombea, jitahidi" hufanya kazi rohoni. Basi, kama neno la mtu wa mbali lamjenga mtoto hivi, je! kumwona baba yake akifichwa kutambomoa kiasi gani?

4. Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni uongo. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilitangaza habari za watoto 12 ambao watu wa gazeti hilo waliwafadhili kwa njia ya vyama mbalimbali, kisha wakaenda kuwatafuta. Mmoja wao, msichana wa Mali, alikuwa amekwisha kufa kwa kupigwa na radi, na bado mfadhili wake alikuwa akiletewa habari kama za mtoto aliye hai. Labda hakuna aliyekusudia uovu mkubwa. Labda mwandishi alichoka, akajaza fomu kama alivyoijaza mwaka uliopita. Lakini uongo wa kuchoka nao ni uongo.

Hatari ya pili ni kumfanya mtoto kuwa kitu cha kutazamwa. Katika nchi kama Kambodia na Nepal zimeonekana nyumba za yatima ambazo watoto wake wengi walikuwa na mzazi aliye hai. Waliondolewa makwao kwa sababu wageni hupenda kuzuru nyumba hizo na kutoa fedha. Mnamo Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto, nalo lilionya juu ya safari za namna hiyo. Twaweza kusema, "Sisi hatuna nyumba kama hizo." Lakini sisi tulimfanya msichana kuwa yatima kwa saa tatu, huku baba yake ameketi katika mianzi.

Hatari ya tatu ni kazi isiyo kazi. Baada ya tufani iitwayo Mitch kuiharibu Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya Marekani Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mtaalamu Kurt Ver Beek, akaaye katika nchi ile, alihesabu gharama. Nyumba moja iliyojengwa na kikundi cha wageni, pamoja na nauli zao, ilifika dola 30,000 hivi. Nyumba kama hiyo ikijengwa na wenyeji ilikuwa dola 2,000 hivi. Hesabu hii haisemi ya kuwa wageni wasije. Yasema ya kuwa asiyekuwa fundi asije kuwa fundi. Akija, aje kuwa mgeni.

5. Mambo ya kushika

Kwanza, wazazi ndio wawapokee wageni. Mchungaji, mwinjilisti na watu wa kituo wakae pembeni. Baba na mama, au bibi, au yeyote amleaye mtoto, ndio wakaribishe, ndio waseme kwanza, ndio watoe chakula, hata kama ni mahindi ya kuchoma. Usiazime viti. Mgeni aliyevuka bahari kumwona mtoto hakuja kuona viti vya mwenye duka.

Pili, barua ziseme kweli. Katika kila barua mtoto ataje watu wa nyumbani kwake na kazi zao. "Baba yangu ni mgema" si aibu. "Shangazi yangu hunifundisha kusuka mikeka" ni habari njema kwa mtu akaaye mbali. Mtoto akihama, akiugua, akiacha shule, iandikwe upesi. Wala mtoto asiandikiwe maneno ya kumwita mfadhili baba au mama. Tunayo maneno mengi ya heshima katika lugha yetu: rafiki, mjomba, shangazi. Jina la mzazi lina mwenyewe.

Tatu, zawadi zipite njia yake. Watoto wa nyumba moja hula sinia moja. Baiskeli au simu akipewa mmoja mbele ya wengine, usiku ule ule wivu huingia. Wageni waambiwe mapema, kwa upole, ya kuwa zawadi kubwa hushauriwa kwanza na watu wa kituo pamoja na wazazi, na ya kuwa kitu cha nyumba nzima, kama mbuzi au bati au gunia la mbolea, mara nyingi chafaa kuliko kitu cha mtoto mmoja.

Nne, mtoto alindwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema ya kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, nayo yatambua haki yake ya kuishi na wazazi wake au walezi wake. Mgeni asiachwe peke yake na mtoto, wala asimchukue kulala hotelini, wala asipewe nafasi ya kuja bila habari. Vyama vyenye utaratibu huchunguza habari za mgeni kabla ya safari. Tusiwaonee haya wageni tukiuliza kama jambo hilo limefanyika. Picha zipigwe kwa ruhusa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe. Tena anayetaka kufanya kazi ya kujitolea katika Tanzania hana budi kuwa na kibali kinachohusika. Ruhusa ya kutembea tu si ruhusa ya kufanya kazi. Mambo haya yaulizwe katika ofisi ya uhamiaji kabla mgeni hajapanda ndege.

Tano, kazi ya mgeni iwe chini ya mwenyeji. Hapa twakumbuka methali nyingine: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hekima yake ni kubwa kuliko tulivyodhani. Haisemi, "Mpe rangi apake darasa, na fundi rangi wa kijiji akae bure akimtazama." Yasema apewe jembe, yaani aingizwe katika kazi iliyomo nyumbani, pamoja na watu wa nyumbani, kwa kipimo chao.

Sita, sisi nasi tufadhili. Hili tutalieleza mwishoni.

6. Jinsi habari ilivyoisha

Turudi kwa jamaa ya Minnesota. Jioni ile tulikwenda walikofikia, tukawaungamia uongo wetu. Bwana mgeni alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema ya kuwa yeye naye ana jambo la kuungama. Amekuwa akiwaambia rafiki zake nyumbani ya kuwa ana binti katika Afrika, wala hakupata kujiuliza kama binti huyo ana baba. Tukaomba pamoja.

Walikuwa wamekuja na ndoo za rangi na brashi, wapake kituo cha watoto. Asubuhi tulimwita fundi rangi wa kijiji, mtu wa usharika wetu, tukamwambia, "Kazi ni yako, na ujira wake upo." Bwana mgeni akamshikia ngazi siku nzima. Siku ya tatu mama wa msichana akawaita wote nyumbani kwake. Ilikuwa majira ya mavuno, mahindi yamelundikwa uani. Wakaketi chini, wageni na wenyeji, wakapukuchua mahindi mpaka jua likashuka. Vidole vya bibi mgeni vikatoka malengelenge. Mama wa msichana akacheka, akamwonyesha namna ya kusugua gunzi kwa gunzi, kisha akampaka mafuta mikononi. Wanawake wale wawili hawakuwa na lugha moja, lakini siku ile hatukuitwa kufasiri. Naye msichana, ambaye siku ya kwanza alikuwa amesimama kama askari akisema hotuba, akawa anamfundisha binti mgeni wimbo wa kupukuchua, wakikosea na kucheka.

Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi kabla ya kufika kwao, hakusema ya kuwa atakuja kuwapa tu. Aliwaambia ya kuwa atakuja ili wafarijiane, wao kwa imani yake na yeye kwa imani yao. Tulikuwa tumelihubiri jambo hilo mara nyingi. Tuliliona katika lundo la mahindi.

Katika siku hiyo ya tatu kaka wa msichana hakutumwa sokoni. Alikaa karibu na baba yake. Bwana mgeni alimwuliza kazi yake, naye akasema ya kuwa hufyatua matofali, lakini hupenda useremala. Tulimwona bwana mgeni akitaka kutia mkono mfukoni. Nasi tukamwomba, kwa heshima, angoje. Maana tulikuwa tumeona aibu yetu ya pili: Kijana huyu amekaa katika usharika wetu miaka 17, amebatizwa kwetu, amefyatua matofali ya nyumba ya mwinjilisti wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza apenda kazi gani. Ilimbidi mtu avuke bahari aje amwulize.

Jumapili iliyofuata, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, tulilisimulia jambo hili kanisani bila kuficha sehemu yetu. Watu wakatoa debe moja moja la mahindi, wengine mawili, mpaka yakapatikana magunia manane. Tukayauza. Mwaka huo kijana akaingia chuo cha ufundi, akasoma useremala. Hana mfadhili wa ng'ambo, wala hana picha yake katika nyumba yoyote ya Marekani. Wafadhili wake hukutana naye kisimani, na wengine humdai wakimwona amezembea. Hao ni wafadhili wagumu kuliko wa mbali.

Kwa hiyo twasema ya kuwa mgeni alikuja, na wenyeji tukapona. Msichana alipona aibu tuliyompa. Baba alipona kule kufutwa. Nasi tulipona upofu wa kumngojea mtu wa mbali afanye tulichoweza kufanya kwa debe la mahindi. Barua za msichana zaendelea kwenda Minnesota, na katika kila barua baba yake hutoa salamu zake mwenyewe. Hajui kuandika, lakini huketi karibu na mwandishi na kusema maneno yake, nasi hatuyapunguzi.

Kaeni na amani.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Katika usharika wenu wako watoto wangapi wanaofadhiliwa? Je! mwajua majina ya ndugu zao wasiofadhiliwa?

2. Someni pamoja barua moja ya mtoto kabla haijapelekwa, kwa ruhusa yake na ya wazazi wake. Ni nani wa nyumbani kwake ambaye hakutajwa? Kwa sababu gani?

3. Mgeni akija kesho nyumbani kwako, ni kitu gani utakachotaka kukificha? Ni nani utakayetaka kumficha?

4. Ni kazi gani iliyomo katika nyumba zetu ambayo mgeni aweza kuifanya pamoja nasi bila kumnyang'anya fundi wetu ujira wake?

5. Usharika wenu waweza kumfadhili mtoto au kijana gani kwa mavuno ya mwaka huu? Mtajeni kwa jina lake, kisha mwulizeni yeye na wazazi wake wapenda nini.